Kujitolea Shambani Ugenini

SWALI: Shikamoo mhariri. Nimekulia katika michungwa ya Muheza, na sasa natamani kwenda Italia kujitolea kwenye shamba dogo la familia linalolimwa bila mbolea za viwandani. Je, nitalipwa, na viza ya utalii inatosha? Msomaji wa Chumbageni, Tanga.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Hutalipwa fedha, kwani katika utaratibu huu, ulioenezwa na WWOOF, mtandao unaowaunganisha wanaojitolea na wakulima wasiotumia kemikali za viwandani, ulioanzia Uingereza mwaka 1971, mgeni husaidia kazi kwa saa kadhaa kila siku, naye mwenyeji humpa chakula na malazi.

Viza ndiyo inayonitia wasiwasi. Hiyo unayoiita ya utalii ni viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, Italia ikiwamo; huruhusu kukaa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, lakini si kibali cha kazi, na zipo nchi zinazohesabu hata kazi ya kubadilishana na chakula kuwa ajira. Kwa hiyo ueleze ubalozi bayana unachokwenda kufanya, upate jibu la maandishi kabla ya kukata tiketi.

Mwandikie mwenyeji mapema, umuulize saa za kazi, siku ya mapumziko, chumba utakacholala na watu wanaoishi humo. Akikwepa maswali hayo, achana naye, hata picha za shamba zipendeze vipi. Ukienda Oktoba au Novemba utakuta mavuno ya zeituni: nyavu hutandazwa chini ya miti, matawi yakachanwa kwa reki ndogo za mkono, katika baridi ya asubuhi ambayo sisi wa pwani hatuijui. Nauli ya kurudi uishike mwenyewe, ili mambo yakiharibika uweze kuondoka siku hiyo hiyo.