Kabla hujaigusa ile skrubu: stelingi ya Land Rover 109 ukiwa nyumbani

Karibu kila anayeanza kuhangaika na stelingi ya Land Rover ya zamani huanzia mahali pamoja, na mimi nilianzia hapohapo. Unafungua boneti, unaliona boksi la stelingi, na ubavuni mwake kuna skrubu iliyofungiwa kwa nati. Mtu keshakwambia kwamba ukiikaza hiyo, plei inaisha. Unaikaza. Unatikisa usukani na kweli, ule ulegevu umepungua. Unajiona fundi.

Yangu ni Series III ya 1974, pikapu ya 109 (yaani inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), aliyoiacha baba. Mimi ni mhasibu, si fundi. Skrubu ile niliikaza Jumamosi asubuhi hapa Moshi, mchana nikapanda nayo Marangu. Palipokuwa pamenyooka ilikuwa raha tupu. Nikafika kona kali ya kwanza, nikakata kulia, gari likaingia vizuri, nikalegeza mikono nikingoja usukani urudi wenyewe kama siku zote. Haukurudi. Ulikwama palepale, nikawa navutana nao kwa mikono miwili huku ukingo wa barabara ukinijia. Hakuna aliyeumia. Nilisimamisha gari, nikashuka, nikakaa juu ya jiwe mpaka magoti yalipoacha kutetemeka.

Kilichotokea ni hiki. Gari hutumia sehemu kubwa ya maisha yake likienda mbele moja kwa moja, kwa hiyo vyuma vya ndani ya boksi huchakaa zaidi pale katikati kuliko pembeni. Ukikaza skrubu mpaka katikati pasicheze kabisa, basi pembeni, ambako chuma bado ni kizima, panabana. Ndiyo maana ninakuomba, wewe unayeanza, hiyo skrubu uiguse mwisho kabisa. Mara nyingi ukifika mwisho utakuta haina shida yoyote.

Jua kwanza nguvu ya mikono yako inapita wapi. Kwenye Series II na III, usukani na boksi ni kitu kimoja kilichounganishwa kwa shafti ndefu. Chini ya boksi kuna mkono wa chuma unaosukuma fimbo ya kwanza, inayokwenda mbele hadi kwenye rilei. Rilei ni ile silinda iliyosimama ndani ya chuma cha mbele cha chesi, yenye mkono mmoja juu na mwingine chini. Mkono wa chini unasukuma fimbo ya pili, dragilinki, inayokwenda kwenye gurudumu. Fimbo ya tatu, tairodi, inaunganisha magurudumu mawili yageuke pamoja. Kila fimbo ina boljointi huku na huku, yaani kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachoiruhusu kugeuka. Jumla sita. Ongeza boksi, rilei, na kingipini za magurudumu yote mawili, zile pini ambazo gurudumu hugeukia ukikata kona.

Hapa uhasibu ulinisaidia kuliko spana. Boljointi moja ikicheza milimita moja huwezi kuihisi ukiwa umeshika usukani. Zikicheza sita zote, na rilei nayo ikaongeza chake, gari linayumba kama limelewa, na hakuna hata kimoja utakachokinyooshea kidole. Kwa hiyo usiende dukani kabla hujajua kila kimoja kinadaiwa kiasi gani.

Namna ya kukagua nilifundishwa na mzee mmoja fundi wa mtaani kwetu. Nilimwendea siku ya pili yake nikiwa nimenywea. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Umekaza skrubu, siyo?" Sijui alijuaje. Hakushika hata spana. Aliniambia nimwite kijana aketi kwenye usukani, injini imezimwa, magurudumu yako chini, autikise kidogo tu kushoto na kulia, kiasi cha vidole viwili, bila kuacha. Yeye akalala chini, akaniita nilale naye. Akachukua mkono wangu akauweka juu ya boljointi ya kwanza, kiganja nusu kwenye fimbo, nusu kwenye mkono wa chuma. "Unasikia?" Sikusikia kitu. Akauhamisha kwenye ya pili. Hapo nikaisikia: kabla fimbo haijasogea, kulikuwa na kigongo kidogo, tok, kama jino linalotaka kung'oka. Kwa macho huoni chochote.

Fuata utaratibu huohuo kuanzia juu kwenda chini, usiruke. Angalia kwanza kama boksi lenyewe linatikisika pale lilipofungwa, maana bolti za bracketi zikilegea utabadilisha kila kitu na ugonjwa utabaki. Kisha boljointi mojamoja. Kwenye rilei, tazama kama mkono wa juu unaanza kugeuka kabla ya ule wa chini. Ikiwa hivyo, pengine ni bolti tu ya kubana mkono imelegea, na umeokoa pesa nyingi. Utakachokikuta kinacheza, kipige alama ya chaki.

Halafu inua gurudumu moja kwa jeki. Egemeza ekseli kwenye stendi za chuma au magogo mapana, kamwe si matofali, maana tofali hupasuka bila kukuaga. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie kijana akanyage breki kwa nguvu, kisha tikisa tena. Plei ikitoweka, ni beringi za gurudumu. Ikibaki, ni kingipini. Hila hii ndogo ingeniokolea beringi mbili nilizonunua bure.

Sasa duka. Boljointi sita hazifanani zote: tatu zina uzi wa kulia, tatu zina uzi wa kushoto, ili ukizungusha bomba la fimbo irefuke au ifupike pande zote mbili kwa pamoja. Mimi niliuziwa sita za uzi wa kulia na nikalipa nikishukuru. Simamisha boljointi ile sehemu yenye uzi ielekee juu, tazama mistari: ikipanda kuelekea mkono wa kulia, ni uzi wa kulia, ikipanda kushoto, ni wa kushoto. Kagua kabla hujatoa pesa. Na bonyeza mpira unaofunika grisi. Kama ni mgumu kama soli ya kiatu cha zamani, uache. Kwa vumbi letu utapasuka kabla ya masika, na vumbi likishaingia boljointi mpya inageuka kuwa kinu.

Siku moja kabla ya kufungua, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye klempu (vibanio vinavyoshikilia boljointi ndani ya bomba la fimbo) na nyuzi zote, rudia usiku. Kisha, kabla hujalegeza chochote, pima urefu wa kila fimbo kutoka katikati ya boljointi moja hadi katikati ya nyingine, uandike kwenye daftari. Usiandike mkononi, mafuta yatafuta.

Kuitoa boljointi kwenye mkono wake ndiko kunakowashinda wengi. Shingo yake ni ya pia: imechongwa nyembamba kuelekea kwenye nati, na imeng'ang'ania tundu kwa miaka arobaini. Anayeanza hutoa nati na kuipiga shingo kwa juu. Inavimba kama uyoga, uzi unakufa, na haitoki. Fanya hivi: toa kotapini, ile pini ndogo inayozuia nati isijifungue, legeza nati lakini iache imeshika nyuzi mbili tatu. Chukua nyundo mbili. Moja nzito iegemeze upande mmoja wa jicho la mkono, ule ubavu wa tundu lenyewe, wala si kwenye boljointi. Kwa nyingine piga upande wa pili wa jicho, pigo kali na fupi. Jicho linabanwa katikati ya nyundo mbili, linabadilika umbo kwa kitambo kidogo mno, na shingo inaruka. Sikiliza mlio. Mapigo ya kwanza yanalia kwa ukali, ting, ting. Pigo litakaloachia linalia zito, kama umepiga gunia la mchele, na fimbo inadondokea kwenye nati uliyoiacha. Yangu ya tatu ilichukua mapigo kumi na saba, nilihesabu. Ya nne ilichukua mawili.

Boljointi ya zamani ukiichomoa kwenye bomba, hesabu mizunguko, na mpya uiingize kwa idadi ileile. Safisha tundu la pia kwa kitambaa kikavu, bila grisi. Ukikaza nati na shingo ikazunguka pamoja nayo, weka jeki chini ya boljointi uinyanyue taratibu mpaka pia ishike. Tundu la kotapini lisipolingana, endelea kukaza mpaka lilingane. Usirudishe nyuma. Na kotapini iwe mpya. Ya zamani iliyonyooshwa usiipe nafasi ya pili.

Rilei ni hadithi nyingine, na kwa anayeanza ushauri wangu ni mfupi: usiifungue. Ndani mna springi nene iliyobanwa kwa nguvu kati ya vipande vya bushi (pete zinazoishikilia shafti), na ukiitoa shafti kwa pupa vinaruka kama risasi. Waliozoea huifunga kwenye gunia au ndani ya bomba kabla ya kuigusa. Rilei inahitaji ugumu kiasi, huo ndio unaozuia mitikisiko ya barabarani isikufikie mikononi, kwa hiyo usiogope ukikuta haizunguki laini kama beringi. Unachopaswa kufanya ni kutazama kama ina mafuta. Nyingi ni kavu. Fungua bolti ya kujazia pale juu, legeza na bolti nyingine ya juu ili hewa itoke, mimina mafuta ya gia, EP90, kidogokidogo kwa bomba la sindano. Yangu ilikunywa taratibu kuanzia adhuhuri hadi machweo. Asubuhi yake usukani ulikuwa mtu mwingine.

Kingipini za Series III zina bushi juu na beringi chini, na mkazo wake unapangwa kwa shimi, yaani vile vibati vyembamba chini ya pini ya juu. Ukipunguza shimi, zinabana. Mkazo ukipungua, ndipo unapopata ule ugonjwa wa kutisha: unapita kwenye shimo, na magurudumu ya mbele yanaanza kutetemeka kushoto na kulia mpaka usimame kabisa. Watu hufunga shokomzoba ya stelingi kunyamazisha. Inanyamaza kweli, lakini pini inaendelea kuliwa. Vua fimbo zote, inua gurudumu, vuta mkono wa stelingi kwa mzani wa ndoano, ule wa kupimia nyama au samaki, ulinganishe na kipimo cha kitabu cha gari lako. Mzani wangu niliuazima buchani. Mwenye bucha alitaka kujua nilichinja nini.

Mwisho, magurudumu yatazame mbele. Kiwanda kiliagiza mbele pawe pembamba kuliko nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4, na hilo unaweza kulipima nyumbani. Egesha mahali tambarare, sukuma gari mbele hatua chache litulie. Chora alama ya chaki katikati ya kila tairi la mbele, upande wa mbele, kwenye kimo cha katikati ya gurudumu. Pima kati ya alama hizo mbili. Sasa sukuma gari mpaka alama zilezile zifike nyuma, kwenye kimo kilekile, pima tena. Tofauti ndiyo jibu. Usiruke hatua ya kusukuma ukapima mbele na nyuma gari likiwa limesimama, maana rimu za magari haya zimepinda kidogo kidogo na utakuwa unapima rimu. Zungusha bomba la tairodi robo mzunguko kwa wakati, pima upya, kisha kaza klempu.

Baada ya hayo yote ndipo nilipoirudia ile skrubu ya boksi. Nililegeza nati, nikairudisha nyuma nilikoitoa, kisha magurudumu yakiwa yamenyooka nikaikaza kwa vidole kwenye bisibisi mpaka nikahisi imegusa tu, nikafunga nati. Nikazungusha usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia mara tatu, magurudumu yakiwa hewani, nikitafuta mahali panapobana. Hapakuwapo. Kama pangekuwapo, ningeilegeza na kuvumilia plei kidogo pale katikati.

Ukishaendesha kilomita mia hivi, rudi chini ya gari na spana. Kwangu klempu moja ya dragilinki ilikuwa imelegea, nati imetoka nusu mzunguko, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba niliikaza.