Muulize Fundi: Kompresa ya pancha itaendesha nyundo ya hewa?

SWALI: Habari fundi. Mi ni mhunzi hapa Kibaigwa, nafua majembe, mashoka na visu kwa springi za malori. Kijana aliyekuwa ananipigia nyundo kubwa kaondoka, yuko Dodoma mjini anaendesha bodaboda, na bega langu limeshachoka. Nimeona kwenye simu jamaa wanajitengenezea nyundo ya hewa, ile mashine inayopiga chuma kwa nguvu ya hewa. Nina kompresa ya pancha, mota HP 2, tenki lita 100, umeme fezi moja. Itaweza au nitapoteza hela? – Mhunzi, Kibaigwa

JIBU: Pole sana na bega kaka, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujanunua silinda, lile bomba lenye pistoni inayosukumwa na hewa, maana wengi wananiletea swali hili silinda ikiwa imeshafungwa na hela imeshaisha.

Presha unayo, bar 8 (bar ni kipimo cha presha) zinatosha kabisa. Shida iko kwenye wingi wa hewa. Chukua silinda ya kusukuma pande zote mbili, kipenyo milimita 50, mwendo sentimita 20, hiyo ni ndogo lakini inabeba nyundo ya kilo 20 vizuri. Ukiiendesha kwa bar 6, kila pigo moja, yaani kupanda na kushuka, linakula karibu lita 5 za hewa ya kawaida, yaani kabla haijabanwa. Mapigo 150 kwa dakika ni lita 750. Kompresa yako ya HP 2 kwa kweli inatoa kama lita 180 kwa dakika hivi, usiangalie kile kibandiko, mara nyingi pale wanaandika hewa inayovutwa sio inayotoka. Tenki la lita 100 likishuka toka bar 8 hadi 6 linakupa lita 200 tu. Kwahiyo piga hesabu mwenyewe, utafua kama sekunde 20 alafu nyundo inaanza kulegea.

Wengi wakifika hapo wanakata tamaa, ila mi nakwambia subiri kwanza. Sekunde 20 ni mapigo 50, na springi ikitoka kwenye moto ikiwa ya rangi ya chungwa hata wewe una muda kama huo huo kabla haijawa nyekundu iliyofifia ukairudisha kwenye mkaa. Springi ikikaa tena kwenye moto dakika mbili tatu, kompresa inajaza zile lita 200 kwa dakika moja na kidogo. Kwa mhunzi wa peke yake inawezekana! Ongeza tenki la pili la kiwandani la lita 200 au 300, hapo mapigo ya mwisho hayatakuwa dhaifu na kompresa itapata muda wa kupoa, maana hizi ndogo zikizunguka bila kupumzika zinaungua. Ila kama unataka kufua siku nzima na vijana wawili wanapokezana chuma, hapo ni kompresa ya HP 5 na kuendelea, na kwa kawaida unaongelea fezi tatu.

Jinsi inavyojiendesha sio uchawi. Valvu kubwa yenye matundu 5 inapeleka hewa juu au chini ya pistoni. Kivalvu kidogo chenye kigurudumu kinakaa pembeni, nyundo ikipanda inakigusa, kinaiambia valvu kubwa igeuze njia, nyundo inashuka, ikishakiachia inapanda tena. Pedali ya mguu ndio inafungua hewa, ukikanyaga kidogo inapiga taratibu. Mipira iwe ya nusu inchi, ule mwembamba wa kujazia tairi unabana hewa na nyundo inakuwa mvivu hata uwe na kompresa ya kiwanda. Acha sentimita 2 au 3 kila upande ili pistoni isigonge kifuniko cha silinda, na pale fimbo ya silinda inaposhika nyundo weka raba nzito, usiunge chuma kwa chuma, itakatika tu. Na vumbi letu la huku unalijua, chujio la hewa na kikombe cha kukamata maji ni lazima.

Ukibadilisha vile vipande viwili vya chuma vinavyokutana, cha kwenye nyundo na cha chini yake, funga hewa, toa iliyobaki kwenye mipira, alafu simamisha gogo la mti chini ya nyundo kabla hujaingiza mkono. Kila mara, hata kama ni sekunde tu.

SWALI: Fundi mi nimeshatengeneza yangu, nyundo kilo 20, inapiga kwa kelele kubwa lakini chuma hakibonyei na mashine inatembea sakafuni. Fuawe yake, yaani kile cha chini kinachopigiwa, ni bomba la inchi 8 nimejaza zege. – Fundi gereji, Kizota

JIBU: Nguvu yako inaishia kwenye hilo bomba, mdogo wangu. Mimi ya kwanza nilijaza mchanga, siku ya kuiwasha ilisogea hadi ikavuta mpira wa hewa ukachomoka, nikaumia roho kweli kwa ile miezi niliyohangaika. Fuawe inatakiwa iwe chuma kitupu toka juu hadi chini, uzito angalau mara 10 ya nyundo. Kwako ni kilo 200 na zaidi. Nenda kwa wauza skrepa utafute shafti za malori, ya unene wa milimita 50 na urefu wa mita 1 ina kama kilo 15, zikiwa 15 zimesimama pamoja zimechomelewa vizuri, juu ukaweka bamba nene, unapata kilo 225. Reli usiguse hata ukiletewa kwa bei ya bure, ile ni mali ya umma na kesi yake sio ndogo. Chini ya mashine weka mbao ngumu alafu ndio zege.

SWALI: Tenki naweza kuunga mwenyewe kwa mtungi wa gesi wa zamani? – Bahi

JIBU: Hapana ndugu yangu. Weld ikiachia kwenye hewa ya bar 8 mtungi hauvuji, unapasuka, na wewe umesimama pembeni yake. Nunua tenki lililotengenezwa kwa kazi hiyo, lenye valvu ya usalama inayofyatuka yenyewe. Kama ni la mtumba lijazwe maji yote lipimwe kwa presha ya maji mara moja na nusu ya ile utakayotumia, sio kwa hewa, na ukaguzi wa mitungi ya presha OSHA, wakala wa serikali wa usalama mahali pa kazi, wanafanya. Hilo la kompresa uliyonayo sasa, toa hewa kwanza, ifungue ile koki ya chini jioni hii uone. Yakitoka maji ya rangi ya udongo mwekundu na vipande vya kutu, usilijaze tena mpaka lipimwe.