Aliniita mdogo wangu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza tuliwezaje kumtoa moyoni mtu tuliyempenda naye hana habari. Mimi ilinichukua karibu mwaka mzima. Naandika kwa ajili ya msichana anayesoma hapa huku roho inamuuma na hana wa kumwambia.

Nilikuwa na miaka 22, nauza kanga dukani kwa shangazi yangu, Ngamiani, Tanga. Yeye alikuwa na miaka 35, karani bandarini. Kila sikukuu ikikaribia alikuja kununua doti moja ya mama yake. Wanaume wengi hutazama rangi tu, basi. Yeye alisoma jina la kanga, kisha akaniuliza, mama akiivaa hii majirani watamwelewaje? Tuliweza kubishana nusu saa nzima juu ya doti moja. Kabla yake hakuna aliyewahi kuniuliza fikra zangu na kunisubiri nimalize.

Siku moja nilitundika mlangoni kanga ya "Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki", makusudi, nikijua atapita. Akasimama, akaisoma kwa sauti, akasema, "Maneno mazuri haya, mdogo wangu." Mdogo wangu! Akachukua ya "Nani kama mama", akalipa, akaenda zake.

Mwaka 2019 akapata uhamisho kwenda bandari ya Mtwara. Alikuja kutuaga, mimi na shangazi kwa pamoja, dakika tano.

Wanaokwambia "msahau" hawajui ugumu uko wapi. Mjane hukaa eda miezi 4 na siku 10, na watu humjia na pole. Anayeachwa na mchumba, mashoga zake humliwaza. Aliyependa peke yake atamtangazia nani msiba wake? Basi nikawa naishi kwa vijihabari. Wa kwanza kutazama status zake WhatsApp ni mimi. Redio ikitaja Mtwara, hata kama ni bei ya korosho, naongeza sauti.

Nilipofika pabaya kabisa ni Pangani. Mama yake anakaa Bweni, ng'ambo ya mto. Jumapili moja nilipanda basi, kilomita 50 hivi, nimebeba doti ya zawadi na uongo niliotunga njiani, kwamba tunawatembelea wateja wa zamani. Nikafika kivukoni. Watu wakaingia, na baiskeli, na pikipiki, na magunia ya nazi. Mimi nimesimama, nauli iko mkononi. Nikawaza, yule mama atanikaribisha, ataniwekea chai, kisha ataniuliza, "Na wewe mwanangu unamjuaje?" Nitamjibu nini? Kivuko kikaondoka, kikarudi, kikaondoka tena. Nikapanda basi la kurudi.

Shangazi aliniona navua viatu tu, akajua. Hakunigombeza. Aliniambia, "Mwanangu, yule hakukukosea, wala wewe hukumkosea. Lakini kidonda ukikichokonoa kila siku, kitapona lini?" Nililia mapajani mwake mpaka magharibi. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kupona, maana alikuwepo sasa mtu wa kunipa pole.

Nikanyamazisha status zake. Namba sikuifuta, ningeitafuta tena kwa watu. Mwenzake wa bandarini aliyekuwa akipita dukani nikamwomba asiniletee habari. Wiki za mwanzo mkono ulikuwa unaifuata simu wenyewe, sitaki kumdanganya mtu. Ile kanga ya kikohozi nikampa binamu yangu aliyejifungua, akaifanya mbeleko. Na kwa kuwa nilichokikosa zaidi ni yale mabishano yetu, nikaanza kuwauliza wateja wengine kama yeye alivyokuwa akiniuliza: ataivaa nani, na unataka asome nani? Wamama wakawa wanavuta kigoda, wanakaa. Mmoja alinisimulia habari ya wifi yake mpaka adhana ya alasiri.

Kabla ya Idi iliyopita simu ikaita, yeye. "Mdogo wangu, nichagulie doti ya mama, umpelekee kwa basi." Nikamuuliza mama siku hizi anapenda rangi gani. Nikachagua, nikafunga, nikaandika BWENI kwa kalamu nene, nikamkabidhi kondakta wa basi la Pangani. Pesa aliituma jioni ileile, na ya nauli ya mzigo juu.