Usiokote punje nzuri peke yake

Wadogo zangu mliofika Tanga kujifunza hadubini, karibuni. Najua wengi wenu mmevutwa na silakanti, yule samaki wa kale, maana huku wavuvi wamekuwa wakimnasa kwenye majarife tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Basi tuanze naye. Visukuku vyake vinakoma karibu na zama walipotoweka dinosaria, kisha kimya, hadi alipopatikana akiwa mzima Afrika Kusini mwaka 1938. Miaka zaidi ya milioni 65, na huyu samaki hakutuachia hata mfupa wa kutusimulia alivyoishi.

Foraminifera wa planktoni hawana kimya hicho. Ni viumbe vya seli moja vinavyoelea baharini. Vikifa, magamba yao ya chokaa yanazama na kujilundika sakafuni, mara nyingi sentimita moja hadi tatu kwa miaka elfu moja. Mche mmoja wa tope, yaani tope refu lililochomolewa kwa bomba kutoka kilindini, unaweza kubeba ukoo mzima, babu hadi kitukuu, kwa mpangilio. Tena gamba huongezwa chumba baada ya chumba, kwa hiyo ndani ya mkubwa bado mnamwona mtoto aliyekuwa.

Mlolongo huo unakatika kirahisi mikononi mwetu, na hapa nitakaa kidogo.

Nilipoanza, niliosha tope kwenye chekeche ya maikrometa 63, nikakausha, nikachekecha tena kwa 150, kisha nikaokota kwa brashi nyembamba iliyoloweshwa maji. Nikaokota punje, yaani magamba hayo, zilizo nzima, kubwa, zenye umbo kama la kwenye picha. Grafu yangu ikaonyesha spishi imeruka ghafla kuwa nyingine. Nilifurahi sana. Mwalimu wangu akaniambia nirudie, safari hii nigawe mchanga nusu kwa nusu mpaka zibaki punje mia tatu hivi, kisha nipime kila moja, hata iliyopinda. Mruko ukayeyuka. Zile za katikati zilikuwepo muda wote; mimi ndiye niliyeziacha kwenye trei kwa sababu hazikufanana na picha.

Sisemi miruko haipo. Katika kisima namba 214 kilichochimbwa sakafuni mwa Bahari ya Hindi, ukoo wa foraminifera Globorotalia tumida ulipimwa kwa makini, na matokeo yakachapishwa 1983: umbo lilitulia kwa mamilioni ya miaka, likabadilika kwa haraka ndani ya takriban miaka laki sita, likatulia tena. Haraka, lakini hatua za kati zinaonekana. Zilionekana kwa sababu walipima punje nyingi, si nzuri tu.

Mengine kwa ufupi. Baada ya kila sampuli, chovya chekeche kwenye rangi ya bluu ya methilini. Punje ya jana ikibaki kwenye matundu, utaiona ni ya bluu na kuitupa. Msikate sampuli kila nusu sentimita mkidhani mnapata undani zaidi: minyoo huchanganya sentimita kumi hivi za juu, na kwa kasi ya sentimita mbili kwa miaka elfu moja, hiyo ni miaka elfu tano imevurugwa pamoja. Na mkumbuke kwamba vinasaba vimeonyesha gamba la aina moja linaweza kuficha spishi kadhaa. Andikeni "umbo limebadilika" kabla hamjaandika "spishi mpya imezaliwa".

Kwa mazoezi, maji yakipwa nendeni Raskazone mkachote mchanga. Foraminifera mtakaowapata wengi ni wa sakafuni, si waeleao, kwa hiyo msiwaingize kwenye ukoo wowote. Watawafunza mkono tu. Mkitaka kuona gamba la kale linalong'aa kama kioo, ombeni sampuli za udongo wa mfinyanzi wa Kilwa au Lindi. Mfinyanzi umeyafunika vizuri hivi kwamba Hantkenina, foraminifera aliyetoweka miaka karibu milioni 34 iliyopita, bado ana miiba yake. Nitakuwa na slaidi mbili za huko mezani Jumatatu asubuhi. Njooni na penseli, wino unafutika kwenye maji.