Simu inatosha, we panga kwanza nani anajua nini

Mkuu umeuliza kama mtu mwenye simu tu anaweza kutengeneza muvi fupi ya taharuki au lazima akope anunue kamera. Usikope. Hii kitu nimeishi nayo pande zote mbili.

Nilianza kushuti harusi Tanga na zile kamera za VHS za kubeba begani, baadae nikahamia mini-DV, zile za kanda ndogo za dijitali. Kazi moja unatoka na kamera, stendi, betri tatu, taa ya halojeni ya kumtoa bibi harusi machozi kabla hata ya nasaha, na dogo wa kukushikia waya nyuma. Kanda ya mini-DV dakika 60 tu, ukirudi nyumbani kuiingiza kwenye kompyuta inakula lisaa lizima vilevile na giga 13 hivi za diski zinaondoka. Leo mzigo wote ule uko mfukoni. Na wakubwa walishamaliza ubishi, mwongozaji wa Marekani Steven Soderbergh alishuti muvi nzima ya hofu, Unsane, kwa iPhone 7 Plus na ikaingia majumba ya sinema 2018.

Sasa taharuki. Kama ulikulia vibanda umiza utakumbuka ile stelingi anaingia chumbani, adui kajificha nyuma ya mlango na sisi tumeshamuona, basi kibanda kizima kinapiga kelele "nyuma yakooo!" kana kwamba jamaa anatusikia. Hapo ndo penyewe. Mtazamaji anajua, stelingi hajui. Hitchcock, mwongozaji maarufu wa zamani wa muvi za taharuki, alikuwa anaieleza kwa bomu chini ya meza: likilipuka ghafla watu wanashtuka sekunde 15, ila ukiwaonyesha bomu mapema alafu watu wa mezani wakaendelea na stori zao za kawaida, unawashika roho dakika 15. Maongezi ni yaleyale!

Mimi nilijifunza kwa aibu. Nilishuti na shemeji yangu hapahapa kwangu, dada anarudi kazini usiku, anapika, anaingia chumbani, mwizi anachomoka uvunguni. Nikawaonyesha majirani barazani, wakacheka. Nikarudia kwa kubadili kitu kimoja, kabla dada hajafika nikaonyesha uvungu na vidole vya mguu vinarudi gizani taratibu. Basi. Dada akaingia, akaweka nyanya mezani, akaongea na shangazi kwenye simu mambo ya kikoba, nikaacha yaende tu bila haraka, alafu kiberiti kikamponyoka kikaviringika hadi chini ya kitanda. Mama mmoja barazani akapayuka "we usiiname we!" Nyanya zilezile, dada yuleyule.

Na hapa ndo simu inapoipiga bao kamera kubwa, kile kipande cha uvunguni nililaza simu sakafuni nikaiegemeza kwenye kandambili. Kamera yangu ya harusi isingeingia pale hata kwa nyundo. Unaweza kuiweka kwenye kabati la vyombo, ndani ya ndoo, dirishani kwenye nondo, popote anapoweza kujificha mtu.

Ila simu ina ujanja wake wa kukuharibia. Ukiiacha otomatiki, mlango ukifunguliwa na mwanga ukaingia inapunguza mwanga yenyewe na picha yako yote inabadilika ghafla, kwahiyo bonyeza kioo ushikilie mpaka ifunge fokasi na mwanga. Ukipata programu ya kuseti kwa mkono weka fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, 1 kwa 50 ya sekunde, umeme wetu ni hezi 50, ukienda tofauti taa nyingi zinachezacheza kwenye picha. Giza totoro usishuti, sensa ya simu (kile kinachonasa mwanga) ni ndogo, picha inajaa chenga. Weka balbu moja pembeni, ifunike na kanga kwa mbali (balbu ya moto usithubutu), upande mmoja wa uso uonekane inatosha. Zuum ya kuvuta kwa vidole sahau, sogea na miguu.

Sauti ndo wengi mnafeli. Chukua simu ya pili, rekodi sauti tu, mfichie mwigizaji kwenye kitenge, piga makofi mara moja mwanzoni ili uje kulinganisha sauti na picha. Zima feni na friji. Alafu rekodi chumba kitupu nusu dakika bila mtu kuongea, utakuja kunishukuru kwenye kuediti. Muziki mimi sikuweka kabisa, niliacha bomba linadondosha matone na mbu mmoja.

Gimbo (kishikio cha kutuliza simu), lenzi za kubandika, taa za duara, achana navyo kwanza. Weka simu hali ya ndege tu, mimi wakala wa mkopo alinipigia katikati ya teki nzuri kuliko zote.

Na fagia uvungu kabla ya kushuti, shemeji alikohoa teki nne.