Hame nalo lina haki ya makala
Ndugu, unauliza kama hame, yaani kijiji kilichohamwa kikabaki minyaa na misingi ya matembe (nyumba za udongo zenye paa bapa), kinastahili makala kwenye Wikipedia. Kinastahili, ilimradi kiliwahi kutambuliwa kisheria na kuna andiko linalokitaja: sensa, ramani ya zamani, Gazeti la Serikali. Watu kuhama hakukifuti. Tazama Kilimatinde, wilayani Manyoni: Wajerumani walijenga boma pale, kisha reli ikapita kando, Saranda, mji ukapoa. Nani ataiondoa kwenye historia? Huku Ugogoni mahame mengi yalitokana na Operesheni Dodoma ya miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Simulizi za wazee zirekodi kabisa, maana zinapotea, ila pekee hazitoshi. Ukikosa andiko, weka aya ndani ya makala ya kata.