Muulize Daktari wa Wanyama: Boflo Kang'olewa Magego, Sasa Hataki Kula

SWALI: Shikamoo daktari. Nina paka dume, Boflo, miaka sita sasa, nimemlea tangu hajafumbua macho. Kwa muda mrefu mdomo wake ulikuwa unanuka, akipiga mwayo analia, akila anakung'uta kichwa halafu anaikimbia sahani. Daktari wa hapa kwetu akaona fizi zimewiva wekundu mpaka kooni, akamlaza kwa nusukaputi, akamng'oa magego yote. Kabakiwa na chonge na vile vijino vya mbele. Leo ni siku ya tatu. Yuko uvunguni mwa kitanda, udenda unamtoka una wekundu kidogo. Nikimwekea chakula anakuja, ananusa, anaondoka. Nimepewa matone ya maumivu, meloxicam, na vidonge vya antibiotiki, doxycycline, lakini kumpa dawa ni vita, mikono yangu yote imechanika. Mama mkwe anasema nimpe robo ya Panadol na nimpake mafuta ya karafuu, maana hata sisi jino likiuma ndiyo dawa yetu. Jirani naye anasema nimeshamuua, paka bila magego atakula nini? Nisaidie.
Mama Boflo, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Wasomaji wengine wajue kwamba mimi na wewe tulishazungumza kwa simu siku barua yako iliponifikia, na Boflo akarudishwa kliniki jioni ile ile. Paka ambaye siku ya tatu hajatia kitu tumboni hangoji toleo la mwezi ujao. Huko alichomwa sindano ya maumivu, akatiwa maji chini ya ngozi, na usiku akala. Sasa tuyaeleze kwa kituo, maana barua za paka waliong'olewa meno zimekuwa nyingi mezani kwangu.

Nianze na hiyo njaa. Mbwa mzima akigoma kula siku mbili sikosi usingizi. Paka ni habari nyingine. Akikaa bila kula, hasa akiwa mnene, mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake na kuyapeleka kwenye ini, na ini la paka haliyamudu. Linajaa mafuta mpaka linashindwa kazi. Weupe wa macho na ngozi ya ndani ya masikio vinageuka njano. Tukifika hapo ni wiki kadhaa za kumlisha kwa mpira wa kupitishia chakula, kwa jambo ambalo lingezuilika kwa vijiko vichache vya samaki na dawa ya maumivu iliyomwingia sawasawa.

Kwa hiyo acha kumpanua mdomo kila saa kutazama nyuzi alizoshonwa. Unamuumiza, tena unamfundisha kuukimbia mkono ule ule utakaompa dawa jioni. Nyuzi hizo kwa kawaida huyeyuka zenyewe. Wewe tazama sahani, na utazame sanduku lake la choo. Kama una mzani wa kupimia watu, panda ukiwa umempakata, kisha panda peke yako, utoe. Andika namba ukutani, kila baada ya siku mbili tatu ulinganishe.

Udenda wenye wekundu kidogo siku moja au mbili za mwanzo haunitishi. Damu mbichi inayodondoka inanitisha. Vilevile uvimbe chini ya jicho au kwenye taya, taya lililokaa upande, chafya zinazotoa chakula puani, au harufu mbaya iliyokwisha kisha ikarudi. Na usiseme haumwi kwa sababu halii. Paka mwenye maumivu hunyamaza, hukaa amejikunyata, haachi nafasi ya kuguswa kichwani, na manyoya yake yanaanza kuchakaa kwa kuwa hajirambi tena. Kukaa kwake uvunguni ndiyo kulia kwake.

Sasa Panadol. Hapana. Si robo, si chembe. Ini la binadamu lina njia ya kuishughulikia parasetamoli, dawa iliyomo ndani ya Panadol, ikatoka salama. Kwa paka njia hiyo ni dhaifu mno. Kinachobaki mwilini kinaiharibu damu yenyewe isiweze kubeba oksijeni: fizi zinageuka rangi ya udongo, uso na nyayo zinavimba, mkojo unakuwa mweusi, anahema kwa shida. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua, na nusu yake pia imeshaua. Kama kuna aliyekwisha kumpa wake, asingoje dalili. Achukue paka na pakiti ya dawa, aende. Ipo dawa ya kumwokoa, acetylcysteine, nayo inafaa ikiwahi. Ibuprofen, diclofenac na aspirini zilizomo kabatini mwenu nazo zibaki humo humo.

Mama mkwe mwambie kwa adabu, na umshukuru, kwani anamtakia Boflo mema. Mafuta ya karafuu yanatutuliza sisi kwa sababu ya kitu kilichomo kiitwacho eugenol. Hicho hicho ni sumu kwa paka, maana ini lake linashindwa kukiondoa, halafu kinachoma fizi mbichi, halafu atakiramba chote. Pemba watauza karafuu zao bila Boflo. Na maji ya chumvi, manjano, asali, sijui ndimu, vyote viwekeni mbali naye. Kidonda cha mdomoni hupona haraka kikiachwa.

Kuhusu meloxicam, soma chupa kabla ya tone la kwanza. Ya mbwa mara nyingi ina miligramu 1.5 kwa mililita, ya paka ina 0.5. Ukishika ya mbwa na kutumia kipimo cha paka, umempa mara tatu, na anayelipia ni figo. Dawa hii hutolewa pamoja na chakula. Paka asiyekula wala kunywa, au anayetapika, usimwongezee kabla hujaongea na daktari aliyempa; ndiyo sababu nyingine ya kukuharakisha siku ile. Usiongeze tone kwa huruma.

Doxycycline ina ubaya wake ambao watu hawaambiwi. Kidonge kikimezwa kikavu hukwama katikati ya koo la paka, kikayeyukia hapo na kuunguza, na kovu lake linaweza kuziba njia ya chakula. Kila ukimpa, fuatisha na maji mililita 5 au 6, au chakula papo hapo. Bora zaidi mwulize daktari wako kama anayo ya maji au ya sindano, maana kumsukumia kidonge paka mwenye mdomo mbichi ni kumwonea.

Kummezesha kwenyewe ni hivi. Weka taulo mezani, mweke juu yake, mviringe na miguu yote minne ndani, kichwa tu nje, mgongo wake ukiegemea tumbo lako. Usimsimamie mbele ya uso. Hapo ndipo unapochanika. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, ncha iingie pembeni mwa midomo, nyuma ya chonge. Hapo ndipo magego yalipokuwa, kwa hiyo kuna kidonda: ielekeze ncha kwenye nyama ya shavu, usiigusishe fizi. Sukuma kidogo, subiri ameze, sukuma tena. Kichwa usikiinue juu, atapaliwa. Ukimaliza mwachie aende zake. Usimfuate na mapenzi, hataki.

Chakula: nunua kibua au changu, mchemshe kwa maji matupu. Hakuna kitunguu maji, hakuna kitunguu saumu, hata vikiiva, kwani vinapasua chembe nyekundu za damu ya paka. Hakuna tui, ndimu wala pilipili. Akipoa, mchambue kwa vidole, maana jicho halioni kila mwiba. Mponde kwa uma, umwagie supu yake mpaka awe laini wa kurambika. Paka hula kwa pua kwanza, na chakula cha kwenye friji hakina harufu, hivyo kipashe moto, ukijaribu kwenye kiganja kiwe uvuguvugu tu. Tumia sahani bapa, asilazimike kugonga taya kwenye ukingo wa bakuli. Kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku. Kilicholala nusu saa kitupe, kuku watafaidi. Kuku wa kuchemsha aliyesagwa naye anafaa, na chakula laini cha kopo cha paka ukikimudu ni kizuri, kwa kuwa samaki peke yake si lishe ya mwaka mzima.

Dagaa wakavu, wiki mbili hapana. Vichwa na miiba yake itachimba kwenye nyuzi. Wakati huo huo asitoke nje kuwinda panya.

Na jirani? Sisi tuliosoma Sokoine pale Morogoro tulianza na meno ya ng'ombe, ambaye akikosa magego kweli amekwisha, maisha yake yote ni kusaga. Paka hasagi. Taya lake linakwenda juu na chini tu. Magego yake, yote 14 kati ya meno 30, kazi yake kubwa ni kukata nyama vipande, kisha anameza. Akiletewa chakula kilichokwisha kukatwa, hana anachokikosa. Nimewaona wasio na jino hata moja wakimeza biskuti zao kavu nzima nzima, na wamenenepa. Kilichokuwa kinamnyima Boflo raha ni hayo magego yenyewe, kwa kuwa kwenye ugonjwa wa aina yake mwili unazipigania fizi pale zinapokutana na jino na uchafu wake. Wengi hupata nafuu kubwa yakitoka, wachache huendelea kuhitaji dawa. Wekundu ule wa kooni hauishi kwa wiki moja. Unaweza kuchukua miezi. Mpe muda, na siku ya kurudi uliyopangiwa usiiruke eti kwa sababu ameanza kula.

SWALI: Kliniki moja imenitoza pesa ya eksirei kabla ya kumng'oa paka wangu jino moja tu. Nimepigwa?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hukupigwa. Paka wana ugonjwa wa jino kujila lenyewe, mara nyingi kuanzia pale linapokutana na ufizi. Kwa juu unaona kidoa cha pinki tu. Chini huenda mzizi umekwisha kushikana na mfupa. Asiyepiga picha huvunja jino, akaacha kipande ndani, ufizi ukajifunga juu yake, na wewe ukarudi nyumbani na paka anayeumwa vile vile. Kama kuna la kulalamikia, ni wale wasiopiga nyingine baada ya kung'oa.

SWALI: Paka wangu katoka kung'olewa jino leo mchana. Macho yamekodoka, hayafumbi, anayumba na kuanguka. Watoto wanalia. Ni kawaida?
Baba Watatu, Kigamboni

JIBU: Kwa saa kadhaa, ndiyo. Kliniki zetu nyingi hutumia ketamine, na paka aliyelazwa nayo hubaki macho wazi, mboni zimepanuka, huku akiwa hajitambui vizuri. Ndiyo maana wengine hupakwa mafuta ya macho yasikauke. Mlaze sakafuni juu ya kanga iliyokunjwa, si kitandani wala kwenye kochi, kwa maana ataruka na kuvunjika. Chumba kiwe na giza na kimya, mbali na jiko la mkaa, ngazi na ndoo za maji. Mfunike apate joto, lakini usimwekee chupa ya maji ya moto mwilini. Hawezi kuikwepa na ataungua. Chakula asipewe mpaka ashike kichwa na atembee sawasawa, halafu kidogo tu. Kama una paka wengine watenge, watamfokea kwa sababu ya harufu ya kliniki. Watoto wakalale. Asubuhi akiwa bado hawezi kusimama, au mwili wake ni wa baridi ukimgusa, usiniandikie mimi; mpigie aliyemlaza.